Mashine Yangu ya Kufukuza Nguruwe

Haya, nyie mliobana hapo mlangoni, ama mwingie ama mtoke, mnaniletea upepo. Na wewe mwenye redio, izime. Redio haijawahi kuachwa na mke, haiwezi kusema ninachotaka kusema. Shule mimi niliipita kwa nje tu nikiswaga mbuzi, kwa hiyo msinitafutie nukta na mkato. Nitasema kama ninavyosema. Mkisikia nimezidisha, jueni hapo nimepunguza.

Mimi mtu wa bondeni, nimezaliwa karibu na Kilosa mjini, pale ambapo treni ikipiga honi kuku wote wanataga kwa mpigo. Lakini mke nilimpata juu milimani, Vidunda. Kupanda kwenda kuposa kule si mchezo. Unaanza mlima ukiwa kijana, unafika kileleni una mvi. Ndiyo maana wazee wa kule wanawaheshimu sana wachumba, wanadhani ni rika lao.

Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa misheni, amesoma, Kiingereza anakitafuna kama karanga. Barazani kwake palikuwa na mashine ya kupukuchulia mahindi, chuma kitupu, ina gurudumu kubwa ubavuni na mpini wa kuzungushia. Unatumbukiza hindi kwa juu, unazungusha, punje zinamwagika huku, gunzi linatokea kule likiwa uchi, linaona haya. Mzee alisema mashine ile ilitengenezwa wakati baba yangu mimi bado anabebwa mgongoni. Na ilikuwa inafanya kazi! Mimi siku ya kuposa badala ya kumtazama binti nilikuwa natazama gurudumu. Mpaka leo mke wangu ananikumbusha.

Kwenye ubavu wa ile mashine kulikuwa na kibati cha shaba kimeandikwa maandishi. Nikauliza, "Shikamoo baba. Hiki kibati kinasemaje?"

"Marahaba. Kinasema mashine hii ina patenti."

"Hiyo patenti ndiyo inayozungusha?"

Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Akanieleza, "Kule kwao, miaka hiyo, wakati babu zetu wanamkimbia Mjerumani na kodi yake, kila mtu alikuwa anabuni kitu. Huyu cherehani, yule wembe usiokata shingo, mwingine mtego wa panya. Ukishabuni, unakimbia serikalini kabla ya jirani yako. Serikali inakuandikia kwamba kitu hiki kimetoka kichwani mwa fulani. Jirani akikiiga, mahakamani. Hiyo ndiyo patenti."

"Hata jirani akisema alikuwa anatania?"

"Hata akisema anatania."

Moyoni nikasema, kumbe Wazungu hawana watani, maskini. Lakini neno lile likaniingia kichwani kama funza kidoleni. Likawa linawasha tu.

Basi nikaoa, tukakaa, uhuru ulikuwa umeshakuja, likaja na Azimio la Arusha, na baada ya Azimio likaja lori. Lori likatubeba na vitanda vyetu na kuku wetu na bibi mmoja aliyekuwa amepanda kwa kudhani linakwenda sokoni, likatushusha kwenye kijiji kipya cha ujamaa upande wa Ruhembe, ukiiacha barabara ya Mikumi. Ardhi nzuri! Ukichomeka fimbo ya kutembelea asubuhi, jioni unachuma majani. Kijito kinashuka kutoka milimani, maji baridi mpaka meno yanagombana. Tukalima mahindi.

Sasa ile ardhi tulikuwa tumeipenda sisi na nguruwe pori. Na nguruwe walikuwa wamefika kwanza.

Nguruwe wa kule jamani msiwafananishe na hawa mnaowajua. Wa kule anaingia shambani, anachagua. Hindi bichi anaacha, anasema litakomaa kesho. Mbuga ya Mikumi iko pale jirani, nadhani walikuwa wanatoka kule kwa likizo. Kila familia ikajenga dungu lake katikati ya shamba, kile kichanja cha miti cha kukaa juu ukilinda, ukipiga debe na kupiga kelele. Kwetu tuligawana zamu mimi na mke wangu. Zamu yangu nilikuwa nalinda vizuri sana, ila nalinda nimefumba macho. Mke wangu akawa analinda zamu yake na yangu, na sauti yake ikakauka mpaka akikuita kula unadhani mlango unafunguka.

Asubuhi moja nikawa nasimulia majirani nguruwe niliyemwona, nanyoosha mikono hivi, "Alikuwa kama huyu ng'ombe, kutoka hapa mpaka pale." Mke wangu akatoka ndani amejifunga khanga mbili, kikapu kichwani.

"Unakwenda wapi mama?"

"Kwa baba yangu."

"Kuna msiba?"

"Msiba ni mimi. Sauti imekwisha. Nimeolewa, sikuajiriwa ulinzi."

Majirani wakaanza kutazama angani, kila mtu anatafuta mvua. Nikambembeleza pale. Akasema, "Sikiliza. Siku nitakapoona kwa macho yangu haya kitu kinachofukuza nguruwe bila mimi kupiga kelele, siku hiyo narudi. Na uwe umekitengeneza wewe, kwa mikono yako hiyo. Maana sijaiona ikifanya kazi nyingine zaidi ya kuonyesha nguruwe alikuwa mkubwa kiasi gani."

Akaondoka. Akachukua kila kilicho chake isipokuwa sufuria lake kubwa la harusi, alilopewa na shangazi yake. Lile sufuria lilikuwa linapika wali wa msiba mzima na ukoko unabaki. Kulipandisha Vidunda ingebidi akodi punda wawili na mmoja wa akiba. Akageuka njiani akanyoosha kidole, "Sufuria langu ulitunze!"

Nikasema nitalitunza. Na nililitunza kweli, kwa muda.

Nikabaki na nguruwe. Nyumba bila mke ilikuwa kubwa kama stesheni ya Kilosa treni ikishaondoka. Nikawa nakaa kando ya kijito nafikiri, na nikiwa nafikiri nakatakata mianzi kwa panga bila sababu. Kipande kimoja cha mwanzi kikanasa kwenye jiwe, upande mmoja wazi, maji yanaingia. Maji yakajaa, mwanzi ukalemewa, ukainama pwaa! ukamwaga maji, ukawa mwepesi, kisigino chake kikarudi chini kikagonga jiwe, ko! Ukatulia. Maji yakaanza kujaa tena. Pwaa. Ko.

Mimi nikasimama pale kinywa wazi mpaka nzi wakaingia kupumzika. Yule mwanzi alikuwa anafanya kazi ya mke wangu! Halali, hanuni, hatishii kwenda kwa baba yake.

Nikautengenezea ekseli kwa spoku ya baiskeli, nikaupandisha juu ya nguzo mbili, nikachimba mfereji wa kuleta maji mpaka ukingo wa shamba. Kwenye kisigino nikafunga nyundo ya mpingo. Ikabaki cha kugongwa. Nikaweka debe. Debe lilisema tii, kama mtoto anayeomba ruhusa. Nguruwe mmoja akaja akalinusa, akaendelea kula. Nikaweka bati la paa, nalo likapasuka. Nikaingia ndani ya nyumba natafuta. Nikalitazama lile sufuria. Sufuria likanitazama.

Nikajisemea, anayemtaka arudi ni nani? Mimi. Na yeye anataka mashine. Basi sufuria hili linamsaidia mwenyewe.

Nikaliinamisha kifudifudi kwenye mawe, chini ya nyundo. Mwanzi ukajaa. Pwaa. GBWANGAA!

Jamani! Nyani walioko mlima wa pili wakashika vichwa. Madereva wa malori kule barabarani wakasimama kukagua matairi. Tembo wa Mikumi, nasikia, walikusanya watoto wao wakahamia upande wa pili wa mbuga, na mmoja alisahau mkonga akarudi kuuchukua. Nguruwe sikumwona tena shambani kwangu msimu ule. Niliona nyayo tu, zote zinaelekea kwingine.

Kijiji kizima kikaja kutazama. Mimi kwa furaha nikapanda juu ya jiwe nikawahutubia, nikawaambia habari ya patenti, kwamba mashine hii imetoka kichwani mwangu na haiigwi ovyo. Nilikosea hapo. Kumwambia mtu wa kijijini kwetu kwamba kitu cha kichwani kinaweza kuwa mali ni sawa na kumwagia kuku mtama. Kwenye mkutano uliofuata hatukuzungumzia mbegu wala mbolea. Bibi mmoja akasimama akadai yeye ndiye wa kwanza kutia karanga kwenye mlenda, kwa hiyo kila anayetia karanga amletee bakuli. Balozi wa nyumba kumi akadai ile kukohoa mara mbili kabla ya kupiga hodi ni yake. Mzee mwingine akasema usingizi wa kukaa wima mkutanini aliubuni yeye, na akatazama watu waliolala, akawahesabu kama mbuzi wake.

Mwenyekiti wa kijiji akagonga meza. "Ndugu wananchi! Hapa ni kijiji cha ujamaa! Shamba letu, jembe letu, na vichwa pia ni vyetu! Patenti ni ubepari mchanga!"

"Na kukohoa kwangu?" akauliza balozi.

"Kukohoa kumetaifishwa! Kaa chini."

Hapo ndipo mtani wangu akainua mkono. Huyu mtani ngoja niwaeleze, maana bila yeye hakuna habari. Alikuwa Mnyamwezi, alikuja zamani kukata mkonge, mkonge ukamwachia, akabaki. Na sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu. Wao walipita kwetu na mizigo ya misafara, sisi tukawauzia chakula, tukaishia kuchekana mpaka leo. Mtani ana ruhusa ya kukufanyia lolote. Anaingia kwako anakamata jogoo, anaondoka naye, wewe unacheka. Baba yangu alipofariki, yule bwana aliingia kaburini akalala, akasema hazikwi mtu hapa mpaka nipewe khanga ya kilemba, na wafiwa tulicheka na machozi yetu. Mimi nami siku ya harusi yake nilikaa kwenye kiti cha bwana harusi nikala kuku wake wote. Kumkasirikia mtani ni aibu kuliko kutembea uchi sokoni Kilosa siku ya gulio.

Akasema, "Mwenyekiti, hii mashine mbona ni yangu? Huyu Msagara hajawahi kubuni kitu, hata watoto wake wamebuniwa na mkewe."

Mkutano mzima ukaanguka kicheko. Mimi nami nikacheka. Ningefanyaje? Nikadhani yameishia pale.

Sasa ikaja habari kwamba bwana shamba anatoka Kilosa, anapita vijijini kutafuta kitu cha kupeleka kwenye maonyesho ya Saba Saba. Nikasema hii ndiyo siku yangu. Nikamtuma mama mmoja aliyekuwa anashusha ndizi kutoka milimani. Nikamwambia, "Nenda mwambie baba mkwe, shikamoo nyingi, aje na binti yake. Mwambie binti, kitu kimepatikana, nimekitengeneza kwa mikono yangu hii hii."

Siku ikafika. Bwana shamba akaja na Landrova, kijana mtanashati, viatu vinang'aa mpaka kuku wanajitazama. Kijiji kizima kando ya kijito. Na upande ule nikamwona baba mkwe kwa fimbo yake na miwani yake, na nyuma yake mke wangu, amependeza, sauti imemrudia, maana nilimsikia akisalimia watu kutoka mbali. Moyo wangu ukaruka kama chura. Nikaenda nikainama, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Mke wangu alinitazama mikono tu.

Nilikuwa nimefunika sufuria kwa majani ya mgomba, nikasema ni pambo la sherehe, na mfereji nimeuziba mpaka nitakapoambiwa nionyeshe. Hata mjinga huwa na siku yake ya akili.

Bwana shamba akauliza, "Haya, ndugu mvumbuzi ni nani?"

Kabla sijafungua mdomo, mtani wangu yuko mbele, kifua nje, amevaa kofia aliyoazima sijui wapi. "Ni mimi, ndugu!"

Kijiji kikacheka. Bwana shamba yeye mgeni, hajui nani mtani wa nani, akadhani wanamshangilia mvumbuzi. Akampa mkono. Mtani akazibua mfereji, akaanza kueleza: maji yanaingia hapa, mwanzi unalemewa pale, hii ekseli. Alieleza vizuri kuliko mimi, mwizi wewe! Watu wanapiga makofi. Mke wangu ananitazama mimi, anamtazama yeye, ananitazama mimi.

Bwana shamba akafurahi. "Safi sana! Hii ndiyo kujitegemea. Sasa ndugu, kwa kuwa utaalamu ni wako, kuanzia kesho utatengeneza moja kwa kila shamba la kijiji hiki. Kukata mianzi, kuchimba mifereji, yote. Ukimaliza hapa unahamia kijiji cha jirani. Na Saba Saba utasimama Kilosa uwanjani, juani, kutwa nzima, unaeleza wananchi."

Ningelipa kitu kuona tena uso ule. Mtani wangu alikuwa mtu wa kukaa kivulini, jembe anashika kwa kuogopa macho ya watu. Rangi ikamshuka mpaka miguuni. "Aa, ndugu, mimi nilikuwa natania. Mashine ni ya huyu hapa."

Bwana shamba akanigeukia. "Ni yako?"

Hapo jamani nilitakiwa kusema ndiyo. Neno moja. Mke wangu yule pale, baba mkwe yule pale. Lakini ulimi wangu nao una akili yake, ukiona mtani ameingia mtegoni hauwezi kuvumilia. Nikasikia unasema, "Usimsikilize ndugu, ana haya tu. Mashine ni yake kabisa! Na kuchimba mifereji anapenda kama asali!"

Kijiji kikagaragara. Watu wakashika miti wasianguke. Mimi mwenyewe nikacheka mpaka nikageuka, na nilipogeuka nikamwona mke wangu anajifunga khanga upya, anamshika baba yake mkono. "Twende baba. Nilijua si yeye."

Nikaita, "Mama, subiri!" Hasikii. "Ilikuwa utani!" Ndiyo kwanza anaongeza mwendo. Mtani wangu akaona mambo, naye akaanza kupiga kelele, "Shemeji, ni ya mumeo, naapa!" Lakini nani atamwamini mtu aliyekwishaapa kinyume?

Na mwanzi sasa, kule juu, ulikuwa unajaa tu polepole, haujui kama tuna matatizo.

Pwaa.

GBWANGAA!

Majani ya mgomba yakaruka. Mke wangu akasimama. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Akageuza kichwa taratibu kama kinyonga. Mwanamke na sufuria lake jamani, anaijua sauti yake kama ya mtoto analia kwa jirani. Akarudi. Watu wakampisha njia. Akafika kwenye mashine, akaondoa yale majani, akalinyanyua. Lile sufuria la shangazi lilikuwa limebonyea kama shavu la kibogoyo, na kitako kimetoboka. Akaliinua juu, akachungulia kwenye tundu. Nikaliona jicho lake moja linanitafuta mle mle.

Hata maji yalipunguza sauti.

Mtani wangu akarudi nyuma hatua, mikono juu. "Shemeji, mimi sijavumbua kitu tangu nizaliwe!"

Bwana shamba naye amechanganyikiwa, anamtazama baba mkwe, kwa kuwa ndiye mwenye miwani. "Mzee, hebu nisaidie. Sasa nimwandike nani? Mashine hii ni ya nani?"

Baba mkwe akafungua mdomo, nadhani alitaka kueleza habari ya patenti. Lakini binti yake akamtangulia, na sauti yake ilikuwa imepona kabisa, nguruwe wa mpaka Kidodi waliisikia:

"Mwandike huyu hapa! Mwanamume wa kutoboa sufuria la mkewe ili amrudishe, Tanzania nzima yuko mmoja tu, na ndiye mimi nimeolewa naye! Tena narudi leo leo. Mashine ilinde mahindi, mimi nilinde masufuria yaliyobaki!"